Nyuso Tano Kutoka Kasai



Mwishoni mwa mwezi Juni mwaka 2020, wakati nchi jirani ya Kongo ilipokuwa ikikaribia kutimiza miaka sitini ya uhuru wake, shirika la habari la Associated Press lilitangaza ulimwenguni picha iliyopigwa Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Katika picha hiyo wamo wanawake watano waliokwisha kula chumvi nyingi. Majina yao ni Simone Ngalula, Monique Bintu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi. Si picha ya vita. Hamna ndani yake moto wala damu. Mtu asiyejua habari zao angedhani kuwa ni mabibi wa ukoo mmoja waliokutana kwa ajili ya arusi ya mjukuu.

Kumbe kilichowaunganisha akina mama hao si ukoo bali ni dhuluma. Wote watano walizaliwa Kongo kati ya mwaka 1945 na 1950, kila mmoja akiwa na mama Mwafrika na baba Mzungu. Wote watano walitolewa mikononi mwa mama zao wangali wadogo, kabla ya kutimiza miaka saba, kwa amri ya dola ya kikoloni ya Ubelgiji. Wote watano walilelewa katika misheni moja, misheni ya Katende huko Kasai. Na walipopigwa picha hiyo walikuwa wameishitaki dola ya Ubelgiji mbele ya mahakama za Ubelgiji yenyewe.

Katika mazungumzo haya tutauliza maswali mawili. Swali la kwanza ni hili: ni sheria gani iliyomruhusu mtu kuingia nyumbani kwa mama na kumchukua mwanawe? Swali la pili linawahusu hasa ndugu zetu wa jeshi na polisi: je, mtumishi wa dola aliyepewa amri ya namna hiyo ana sehemu gani katika habari hii?

Kwanza tuitazame sheria. Mwaka 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alijipatia nchi yote ya Kongo, akaitawala kama shamba lake. Tarehe 12 Julai mwaka 1890 serikali yake ilitoa amri kuhusu watoto wasio na mlezi. Siku kumi tu kabla ya hapo, mataifa makubwa yalikuwa yametia sahihi huko Brussels mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa. Historia ya biashara hiyo tunaijua sisi watu wa Afrika ya Mashariki, maana misafara iliyotoka Manyema ilipita Ujiji na Tabora mpaka pwani. Amri ya Leopold ilisema kwamba watoto waliookolewa katika misafara hiyo, pamoja na mayatima na watoto waliotupwa, watakuwa chini ya ulezi wa dola. Mwaka 1892 ikatolewa amri nyingine iliyoruhusu mashirika ya dini na ya hisani kuwapokea watoto hao.

Kwa masikio, amri hizo zilisikika kuwa za huruma. Kwa vitendo, dola ilikuwa imejitengenezea mlango wa kujipatia watoto. Katika makambi ya watoto yaliyofunguliwa Boma na Nouvelle-Anvers, wavulana walifundishwa kwata, na waliokua waliingizwa katika Force Publique, yaani lile jeshi la kikoloni lililokuwa polisi na jeshi kwa pamoja. Ndivyo mtoto aliyeambiwa kwamba ameokolewa katika utumwa alivyojikuta amebeba bunduki ya Bula Matari dhidi ya wazazi wa wenzake. Tuikumbuke amri hiyo ya mwaka 1890, kwa sababu maneno yake mawili, "mtoto aliyetupwa", ndiyo yaliyokuja kuwatenga maelfu ya watoto wengine ambao hawakutupwa na mtu yeyote.

Mwaka 1908 Kongo ilitoka mikononi mwa Leopold na kuwa koloni la Ubelgiji. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji ilikabidhiwa pia Ruanda na Urundi, nchi ambazo kabla ya vita hivyo zilikuwa pamoja na Tanganyika katika koloni moja la Wajerumani. Katika nchi hizo zote, maofisa wa serikali, mawakala wa makampuni na wenye mashamba walikaa na wanawake wa Kiafrika bila ya kuwaoa kisheria. Watoto walizaliwa. Baba, muda wake wa kazi ulipokwisha, alirudi Ulaya kwa mkewe, au alihamishiwa kituo kingine, na jina lake halikuandikwa popote.

Watoto hao, ambao lugha yetu iliwaita machotara, waliutia utawala hofu kubwa. Ukoloni mzima ulisimama juu ya mstari mmoja: upande huu Mzungu mtawala, upande ule Mwafrika mtawaliwa. Mtoto aliyezaliwa juu ya mstari huo alikuwa ushahidi unaotembea kwamba mstari wenyewe ni wa uongo. Wakubwa wa koloni waliogopa kwamba akikua miongoni mwa Waafrika atadai haki za baba yake, na yamkini atawaongoza ndugu za mama yake katika uasi. Lakini kumpokea kama Mzungu hawakutaka. Basi wakachagua njia ya tatu, nayo ni kumwondoa machoni pa watu.

Hapo ndipo yale maneno mawili yalipopata kazi. Kwa kuwa baba hakumtambua mtoto, na kwa kuwa mama Mwafrika hakuhesabiwa mbele ya utawala huo kuwa mzazi mwenye neno, mtoto aliandikwa kwamba hana mlezi. Mtoto aliyekuwa akilala kifuani pa mama yake, akila chakula cha bibi yake na kuchezeshwa na wajomba zake, akawa katika daftari la serikali ni mtoto aliyetupwa. Uongo huo ulipigwa mhuri, na ulipokwisha kupigwa mhuri uliitwa sheria.

Sasa tuitazame kazi yenyewe jinsi ilivyofanyika, kwa maana hapa ndipo lilipo fundisho kwa watu wa sare. Maofisa wa tawala, mfano wa wale ambao kwetu wazee waliwaita Mabwana Shauri, walitafuta habari za watoto wa aina hiyo katika wilaya zao na kuwaandika majina. Kisha amri ilitolewa kwamba mtoto fulani apelekwe misheni. Familia iliyosita ilitishwa kwamba itaadhibiwa. Katika vijiji ambako watu walikuwa wameonja kiboko, kodi na kazi za shuruti, hakuna aliyehitaji kuelezwa mara mbili maana ya kitisho hicho. Aghalabu aliyemfikisha mtoto misheni alikuwa ni ndugu yake mwenyewe, kwa kuwa alijua yatakayoupata mji mzima asipofanya hivyo.

Tazameni jinsi dhuluma hiyo ilivyogawanywa. Mmoja alitunga kanuni katika ofisi ya mbali. Wa pili aliandika orodha. Wa tatu alipeleka barua kijijini. Wa nne alisimama mlangoni ili watu wamwogope. Wa tano alimpokea mtoto na kumwandika katika kitabu kingine. Kila mmoja aliweza kusema jioni kwamba yeye ametimiza wajibu mdogo tu. Lakini wajibu mdogo wa watu watano ulipojumlishwa, mama alibaki na mikono mitupu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na mzazi huyo ndiye peke yake ambaye hakuulizwa.

Wale wanawake watano walichukuliwa kati ya mwaka 1948 na 1953. Huko Katende, misheni iliyosimamiwa na masista, waliishi mbali na jamaa zao pamoja na watoto wengine wa namna yao. Waliitwa watoto wa dhambi, kana kwamba dhambi, kama ilikuwapo, ilitendwa na mtoto. Wengi wa watoto waliochukuliwa kwa njia hiyo walibadilishiwa majina, tarehe za kuzaliwa au mahali pa kuzaliwa, na penye jina la baba pakaandikwa kwamba hajulikani, hata pale ambapo kijiji kizima kilimjua. Mtu anaweza kunyang'anywa ng'ombe akanunua wengine. Anayenyang'anywa jina la baba, lugha ya mama na njia ya kurudi kwao hununua wapi vingine?

Dhuluma hiyo haikukomea Kongo. Huko Save, kusini mwa Rwanda, palikuwa na nyumba kubwa ya watoto wa namna hiyo, iliyosimamiwa na masista wa misheni. Uhuru ulipokaribia, kati ya mwaka 1959 na 1962, watoto wapatao mia tatu wa Save walisafirishwa hadi Ubelgiji na kugawiwa kwa familia za huko au kuwekwa katika nyumba za watoto. Ndugu wa tumbo moja walitenganishwa. Wengine waliambiwa kwamba mama zao hawakuwataka. Na huku nyuma, mama zao walikuwa hawajui hata jina la mji walikopelekwa wana wao.

Watoto wa Katende, kwa upande wao, waliachwa. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni mwaka 1960, na kabla ya miezi miwili kwisha Kasai ilikuwa katika machafuko makubwa ya mapigano ya kikabila na ya kujitenga kwa Kasai ya Kusini. Wazungu wa misheni waliondoka, lakini wasichana wa Katende hawakupata nafasi katika safari hiyo. Dola iliyojitangaza kuwa mlezi wao kisheria iliwaacha katikati ya vita. Ulinzi wao uliangukia mikononi mwa wanamgambo wenye silaha, na baadhi ya watu hao waliwanajisi mabinti waliowekwa chini ya ulinzi wao. Wanawake hao walilieleza jambo hilo hadharani baada ya miaka sitini, na si jepesi kulieleza.

Ndugu askari, neno hilo lisipite hivi hivi. Mtoto wa Katende alidhulumiwa mara mbili na watu waliokuwa na mamlaka juu yake: mara ya kwanza na mtumishi wa dola aliyefuata amri, na mara ya pili na mtu mwenye silaha ambaye hakuwa na amri yoyote ya kumzuia. Wa kwanza aliiweka karatasi mahali pa dhamiri. Wa pili hakuwa na karatasi wala dhamiri. Nidhamu ya kweli ya askari ni ile inayomwepusha na makosa yote mawili.

Sasa tuirudie habari ya picha. Tawala za kikoloni na misheni zilipenda sana kupiga picha. Katika picha nyingi za zama hizo twaona watoto wamepangwa safu kwa safu, wamevaa nguo za aina moja, na pembeni amesimama mlezi wao wa Kizungu. Chini ya picha aghalabu yametajwa mahali na kazi njema ya misheni. Majina ya watoto hayamo. Picha ya namna hiyo ilitengenezwa ili kumwonyesha mtazamaji wa Ulaya kwamba kuna watu wanaotenda wema, na mtoto aliyemo ndani yake ni kama kiti au mlango.

Picha ya yule mtu mzima aliyenusurika ni kinyume chake. Amekubali mwenyewe kupigwa, amekaa apendavyo, jina lake limeandikwa, na anamtazama moja kwa moja anayemtazama. Makunyanzi ya uso wake yanasema kwamba miaka imepita, lakini macho yanasema kwamba jambo lenyewe halijapita. Ndiyo maana picha kama hizo zimekuwa silaha ya wanyonge katika nchi nyingi ambako watoto walitengwa na wazazi wao kwa nguvu za dola.

Mfano mmoja ni Kanada. Huko, kwa muda wa zaidi ya karne moja, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili waliwekwa katika shule za bweni zilizoendeshwa na makanisa kwa fedha za serikali, ili wasahau lugha na mila za wazazi wao. Mpiga picha Daniella Zalcman aliwaendea wazee waliopitia shule hizo, wanawake kwa wanaume. Katika mfululizo wake uitwao "Signs of Your Identity" aliweka picha mbili moja juu ya nyingine: uso wa mtu, na juu yake mahali palipofungamana na kumbukumbu zake, kama vile shule, uwanja au makaburi. Mtazamaji hawezi kuuona uso bila ya kupaona mahali, wala kupaona mahali bila ya kuuona uso.

Na huko Kanada polisi waliopanda farasi, wenye sifa duniani kote, ndio waliotumwa mara kwa mara kuwatafuta watoto waliotoroka na kuwarudisha shuleni. Mwaka 2004 mkuu wa jeshi hilo la polisi, Giuliano Zaccardelli, aliwaomba radhi wenyeji hadharani kwa sehemu ambayo polisi wake walishiriki. Waziri Mkuu wa Kanada aliomba radhi kwa niaba ya serikali mwaka 2008. Polisi walimtangulia Waziri Mkuu. Jambo hilo ni la heshima kwa jeshi lile, na linafaa kukumbukwa.

Ubelgiji ilichelewa zaidi. Kwa miaka mingi habari hizo zilifichwa katika majalada, mpaka watu waliotendewa na watoto wao walipoanza kuyadai. Assumani Budagwa, mzaliwa wa Kongo aliyekuwa mhandisi kwa kazi yake, alitumia miaka mingi kupekua nyaraka, na mwaka 2014 alitoa kitabu chake "Noirs, Blancs, Métis". Mwaka 2017 maaskofu Wakatoliki wa Ubelgiji waliomba radhi. Mwezi Machi mwaka 2018 Bunge la Ubelgiji lilipitisha azimio juu ya jambo hilo, na tarehe 4 Aprili mwaka 2019 Waziri Mkuu Charles Michel alisimama Bungeni, akakiri kwamba watoto walitekwa na kutengwa kwa sababu ya rangi, akaomba radhi kwa niaba ya nchi yake.

Lakini kuomba radhi ni jambo moja, na kujibu mbele ya sheria ni jambo jingine. Wale wanawake watano walitaka jibu la sheria. Mwishoni mwa mwaka 2021 mahakama ya kwanza iliwakatalia. Ilisema kwamba matendo hayo, ingawa hayakubaliki leo, hayakuhesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya binadamu wakati yalipotendwa. Kwa maneno mengine, waliambiwa kwamba wamechelewa kuja na kwamba walidhulumiwa mapema mno. Hawakukata tamaa, wakakata rufani.

Tarehe 2 Desemba mwaka 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliitengua hukumu hiyo. Ilisema kwamba dola ya Ubelgiji ilikuwa na mpango kamili wa kuwatafuta na kuwateka watoto wa mama Mwafrika na baba Mzungu kwa sababu ya asili yao tu, kwamba huo ulikuwa uhalifu dhidi ya binadamu, na kwamba uhalifu wa aina hiyo haufutwi na kupita kwa miaka. Kila mmoja wa wale watano aliamriwa kulipwa euro 50,000 kwa kukatwa mafungamano na mama yake na kwa kuharibiwa utambulisho wake.

Mahakama ilipata wapi nguvu za kusema hivyo? Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakubwa wa dola ya Kinazi walihukumiwa mjini Nuremberg. Mkataba ulioiunda mahakama hiyo, wa mwaka 1945, ulitamka kwamba mtu aliyetenda uhalifu kwa kutii amri ya wakubwa wake haondokewi na hatia kwa sababu hiyo, ingawa adhabu yake yaweza kupunguzwa. Tarehe 11 Desemba mwaka 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyathibitisha kwa kauli moja masharti hayo ya Nuremberg. Ubelgiji ilikuwa mwanachama tangu mwanzo. Basi hesabuni wenyewe: nchi ile ilikubali sheria hiyo mwaka 1946, mtoto wa kwanza kati ya wale watano alichukuliwa mwaka 1948. Hawawezi kusema kwamba hawakujua.

Katika kesi hii hakuna karani, tarishi wala askari aliyesimama kizimbani. Iliyoshitakiwa ni dola. Wengi wa waliotekeleza amri zile wamekwisha kufa. Lakini asidhani mtu kwamba kwa sababu hiyo kazi yao imesahauliwa. Orodha walizoziandika ndizo zilizosomwa mahakamani. Mihuri waliyoipiga ili kuihalalisha dhuluma ndiyo iliyothibitisha kwamba dhuluma ilikuwa ya dola nzima na si ya mlevi mmoja. Karatasi waliyodhani itawakinga imegeuka kuwa shahidi.

Naam, jeshi lisilo na utii si jeshi, na polisi wasiofuata amri ni genge. Jambo hilo halibishaniwi. Lakini utii wa askari ni utii kwa sheria iliyo halali, na heshima ya sare yake inatokana na usalama wa mnyonge anayekutana naye njiani. Amri inayomtaka askari amnyang'anye mama mtoto wake asiye na kosa, kwa sababu tu ya rangi au kabila lake, haiwi halali kwa kuandikwa vizuri. Vivyo hivyo askari aliyekabidhiwa watoto wakati wa vita amepewa dhamana isiyo ndogo kuliko daraja au ghala ya silaha.

Maji yakimwagika hayazoleki. Euro 50,000 hazimrudishii mtu usiku mmoja aliopaswa kulala karibu na mama yake. Na akina mama wengi wa watoto wale walikufa kabla ya hukumu kutolewa, wasijue kama wana wao wangali hai. Kinachoweza kufanywa kwa waliosalia ni kufungua majalada, kurudisha majina, na kuwaonyesha njia ya kwenda kwao. Na kwa sisi tunaosikiliza, hasa wale miongoni mwetu waliopewa silaha na mamlaka na wananchi wenzao, kilichobaki ni kukumbuka kwamba mtoto aliye mbele yetu leo atakuwa mzee kesho, na kwamba siku moja atasimama na kulitaja jina lake.